Je, Alianguka au Alipigwa? Jiwe, Bomba la Chuma na Ushahidi wa Damu katika Kesi ya Maswa

Katika miezi ya Agosti na Septemba, mwaka 1966, Mahakama Kuu ilikaa mjini Mwanza kusikiliza kesi ambayo shina lake lilikuwa swali la maneno matatu: alianguka au alipigwa? Aliyekufa ni mwanamke kijana, jina lake Peverley, ambaye jamaa zake walizoea kumwita Peppy. Aliyesimama kizimbani ni mumewe, Bill Kinsey. Wote wawili walikuwa Wamarekani, walimu wa kujitolea wa kikosi kile kiitwacho Peace Corps, wakifundisha Maswa katika nchi ya Wasukuma, ambayo siku hizo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga na tangu 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu. Hakuwapo mtu wa tatu karibu yao wakati jambo lilipotokea. Walikuwapo watu walioona kwa mbali, na vilikuwapo vitu viwili visivyokuwa na ulimi: jiwe, na kipande cha bomba la chuma.

Huenda msomaji akauliza, yatuhusu nini sisi watu wa Pwani mauti ya mgeni huko bara, tena ya zamani hivyo? Yatuhusu sana. Huku kwetu, tangu Bunju na Bagamoyo mpaka Saadani na Pangani, habari ya mauaji ya ndani ya nyumba ikisikika redioni, hukumu hutolewa barazani kabla kahawa haijapoa. Mmoja husema: damu imeonekana, basi yamekwisha. Mwingine husema: daktari ameshapima, basi yamekwisha. Na vijana wetu wa leo husema: vinasaba vimetoka maabara, basi yamekwisha kabisa. Kesi ya Maswa ilikuwa na damu, ilikuwa na daktari, na ilikuwa na mashahidi wa macho. Na juu ya hayo yote haikwisha kwa namna waliyoitazamia wengi. Nayo imerudi tena midomoni mwa watu tangu mwaka 2020, kilipotoka kitabu chake kilichoandikwa na Peter Reid, mwanasheria wa Kimarekani ambaye naye alikuwa mtu wa kujitolea hapa Tanzania katika siku hizo hizo.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijana hawa walijuana mwaka 1964 walipokuwa wakifundishwa kazi yao katika Chuo Kikuu cha Syracuse, wakaoana mwaka huo huo, kisha wakaletwa kufundisha katika shule ya Binza, Maswa. Siku ya Jumapili, tarehe 27 Machi 1966, walitoka kwenda kula chakula cha mchana kwenye kilima kimoja cha majabali nje ya mji. Nchi ile ina vilima vingi vya namna hiyo, mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mikono ya majitu. Mke hakurudi hai. Alikufa kwa majeraha ya kichwani.

Mume alisema kuwa mkewe aliteleza akaanguka kutoka juu ya jabali. Na ya kwamba alipomfikia alimkuta akijitupatupa kwa maumivu, akamshika kwa nguvu ili asizidi kujiumiza. Watu wa vijijini walisema kuwa wamewaona wawili wale wakipambana. Askari wakaja, mume akatiwa nguvuni, akashtakiwa kwa kuua. Ujue ya kuwa kosa hilo halina dhamana, na adhabu yake wakati ule ilikuwa kunyongwa mpaka kufa. Basi tangu Machi mpaka Septemba mtu yule alikaa kizuizini akingoja kujua kama atarudi kwao au atakwenda kwenye kitanzi.

Sasa msomaji atazame jambo la kwanza, nalo ni la ajabu. Maneno ya mashahidi na maneno ya mshtakiwa, katika sehemu yake iliyo kubwa, hayakupingana! Wao wasema waliona mwanamume ameinama juu ya mwanamke, na mwili wa mwanamke ukihangaika chini yake. Yeye asema: naam, nilimwinamia, naye alikuwa akihangaika. Jicho liliona mikono, lakini nia iliyokuwa ndani ya mikono ile jicho halikuiona. Na wanaojua utabibu wanatwambia kuwa mtu aliyeumia ubongo mara nyingi hupigana na anayemsaidia, humsukuma, humpiga mateke, hata hamtambui. Wauguzi walioletewa majeruhi wa ajali za barabarani wanalijua hili bila ya kusoma katika kitabu. Ndiyo maana shauri zima likahama kutoka kwa watu walioona, likawaendea wale mashahidi wawili wasiosema.

Jiwe lilikuwa na alama za damu. Upande wa mashtaka, ukiongozwa na Bwana Effiwat, mwanasheria wa Kinigeria aliyekuwa akiitumikia Serikali yetu, ulilileta mahakamani kuwa ni silaha. Upande wa utetezi ulikuwa na Bwana Byron Georgiadis, wakili mashuhuri wa Nairobi. Na hapa yafaa tusimame kidogo, maana watu wengi hupita mbio mahali hapa. Mtu aliyeanguka juu ya mawe, akapasuka kichwa, tutazamie kuona nini juu ya mawe yale? Damu. Na mtu aliyepigwa kwa jiwe la mahali pale pale, tutazamie kuona nini? Damu vile vile. Basi damu iliyokuwa juu ya jiwe ilikuwa shahidi anayezikubalia hadithi zote mbili kwa pamoja, na shahidi wa namna hiyo hajamsaidia mtu.

Bomba la chuma lilikuwa zito zaidi. Jiwe ni mwenyeji wa mlimani, lakini bomba halioti mlimani, limeletwa. Mtu hakosi kujiuliza: mke na mume waendao kula chakula chao kwa furaha, bomba la nini? Mume alikuwa na maelezo yake, ya kuwa lilichukuliwa kwa kazi nyingine wala si kwa shari. Nalo pia lilikuwa na alama za damu. Mimi nakiri kwamba katika ushahidi wote wa kesi ile, hili ndilo linalomfanya msomaji akunje uso. Lakini hata hapa hapana budi tuulize: damu ilifikaje? Yawezekana ilifika kwa pigo. Yawezekana ilifika kwa kuwa chombo kililala karibu ya mtu anayetoka damu na kujitupatupa. Yawezekana ilifika kwa mkono wa mtu aliyekwisha mshika majeruhi kisha akashika vyombo vyake. Kazi ya mashtaka si kuonyesha kwamba njia ya kwanza yawezekana. Kazi yake ni kuzifunga zile njia mbili nyingine, na zikibaki wazi, kazi haijatimia.

Ikabaki maiti yenyewe. Daktari alikuwa ameichunguza, akaandika majeraha aliyoyaona kichwani. Mashtaka yakasema haya ni mapigo. Utetezi ukasema haya ni maanguko. Ili msomaji aelewe ugumu wa neno hili, na tuliache jabali la Maswa kwa dakika chache, tuje kwenye minazi yetu.

Kila aliyekulia Mlingotini au Kaole amemwona mgema aliyeanguka, au amesimuliwa. Kuanguka ni safari. Mwili hupita mahali pengi kabla haujafika chini: hukwaruzwa kifuani na mapajani, mikono hutangulia na mara nyingi vifundo vya mikono huvunjika, kisha bega, kisha kichwa. Pigo halina safari. Hutua mahali pake, na likirudiwa hutua karibu ya hapo hapo. Kwa hiyo daktari hatazami jeraha moja peke yake. Huutazama mwili wote, ajue kama umesafiri. Hutazama pia mikono, kwa maana mtu anayepigwa huinua mikono yake ajikinge, na alama hubaki katika vigasha.

Tena kuna kanuni ijulikanayo sana na madaktari wa maiti, nayo ni ya kofia. Fikiri mstari unaozunguka kichwa pale ukingo wa kofia unapokaa. Mtu akianguka chini akiwa amesimama, kwa kawaida huumia kwenye mstari ule au chini yake: kipaji, nyusi, kisogo. Akipigwa na mwenzake, jeraha mara nyingi huwa juu ya mstari, utosini. Kanuni nzuri hii, na nyepesi kukumbuka. Lakini msomaji asiikimbilie! Ni kanuni ya ardhi iliyo sawa. Mtu akianguka kutoka juu, akabiringika na kugonga jiwe baada ya jiwe, kichwa chaweza kuumia popote, na kofia haitwambii kitu.

Kuna na dalili ya tatu, iliyo ndani zaidi. Ubongo haukushikamana na fuvu kama nyama ilivyoshikamana na mfupa. Mfano wake ni mbata inayogongagonga ndani ya kifuu. Kichwa kinachokwenda kwa kasi kikasimamishwa ghafula na ardhi, ubongo huendelea na mwendo wake, na mchubuko mkubwa huweza kuonekana upande ulio mkabala na ule uliogonga. Kichwa kilichotulia kikapigwa na kitu kinachokwenda, mchubuko huwa zaidi chini ya pigo lenyewe. Elimu hii ina nguvu, lakini nayo yategemea jinsi fuvu lilivyofunguliwa, ubongo ulivyotazamwa, na yaliyoandikwa siku ile ile. Karatasi ya daktari ikiwa fupi, wataalamu watakaokuja baadaye wataipigania kama watu wanaopigania shamba lisilo na mipaka, kila mmoja akiweka kigingi chake apendapo.

Vijana wanaonisoma watasema: hayo ni ya zamani, kabla ya vinasaba. Leo maabara ingelimaliza jambo hili kwa siku moja. Naomba wafikiri vizuri. Elimu ya damu haikuanza jana. Mwaka 1901 Mjerumani Paul Uhlenhuth aliweza kupambanua damu ya binadamu na damu ya mnyama. Yaani kisu cha mvuvi wa hapa Bagamoyo, chenye damu kila siku ya Mungu, kiliweza kuulizwa kama ni damu ya samaki au ya mtu. Mwaka huo huo Karl Landsteiner alieleza makundi ya damu. Mwaka 1984, huko Leicester, Uingereza, Alec Jeffreys aligundua alama za vinasaba ambazo haziwi sawa kwa watu wawili isipokuwa pacha wa yai moja, na katika mwaka 1986 elimu hiyo ilimtoa katika tuhuma kijana mmoja aliyekuwa amekiri mauaji ambayo hakuyafanya. Sifa zote hizi ni za haki. Lakini swali la Maswa halikuwa damu ni ya nani! Wote walijua ni ya Peppy. Hata kipimo bora cha leo kingeleta jibu ambalo lilikuwa linajulikana tangu Jumapili ile. Swali lilikuwa imefikaje hapo, na swali hilo chupa ya maabara hailijibu.

Na katika nyumba ya mke na mume jambo hili huzidi kuwa gumu. Mwizi aliyeingia nyumba ya watu, alama ya kidole chake ukutani yamtia hatiani, maana hakuwa na haki ya kuwapo. Lakini mume? Vidole vyake vimo katika kila chombo, unywele wake umo katika mto wa mkewe, na mkewe akiumia ndiye wa kwanza atakayepakwa damu yake, akiwa mwuaji au akiwa mwokozi. Alama zile zile zinazomfichua mgeni huwa hazina maana kwa mwenye nyumba.

Haimaanishi kwamba vitu visivyosema havina kauli kamwe. Jirani zetu wa Kenya walipata kesi iliyotikisa nchi mwaka 1941. Lord Erroll alikutwa amekufa kwa risasi ndani ya gari lake, nje ya Nairobi, tarehe 24 Januari, na aliyeshtakiwa ni Sir Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa na uhusiano na marehemu. Kila baraza lilikuwa limeshahukumu. Lakini risasi inapopita katika mtutu huchorwa na mifuo ya mtutu ule. Wakili Morris, aliyetoka Afrika Kusini, akaonyesha kuwa risasi zilizoua zilikuwa na mifuo mitano inayopinda kuelekea kulia, hali bastola za aina ya Colt, alizokuwa nazo mshtakiwa, zina mifuo sita inayopinda kuelekea kushoto. Tarehe 1 Julai 1941 Broughton aliachiliwa. Mfuo wa risasi ulikubali hadithi moja ukaikataa ya pili. Hapo ndipo penye tofauti na jiwe letu la Maswa, lililozikubali zote mbili.

Tena msomaji wa jarida hili haoni ugeni katika maneno haya, maana watoto wetu huyajua tangu chuoni. Katika kisa cha Nabii Yusuf zimo kanzu mbili. Ya kwanza waliileta ndugu zake ikiwa na damu ya uongo, wakidai ameliwa na mbwa mwitu; na wafasiri wametaja kwamba mzee Yaakub aligutuka alipoona kanzu ina damu lakini haikuraruka. Mbwa mwitu gani huyo, anayemla mtoto na kuisalimisha nguo yake? Ya pili ni ile aliyoivaa katika nyumba ya bwana wake, shahidi aliposema itazamwe imeraruliwa wapi: ikiwa ni mbele, mwanamke amesema kweli, ikiwa ni nyuma, mwanamume amesema kweli. Kanzu ya damu haikuthibitisha kitu. Kanzu iliyoraruka ilimaliza shauri, kwa kuwa namna ya kuraruka kwake haikuweza kuzikubali hadithi zote mbili. Na Ibnul Qayyim amesimulia habari ya mtu aliyekamatwa katika gofu akiwa na kisu chenye damu mkononi na maiti mbele yake, akaletwa kwa Imamu Ali, hata mwenyewe kwa kukata tamaa akakiri. Kumbe ni mchinjaji aliyetoka kuchinja, na mwuaji wa kweli akajitokeza. Kama kuna dalili iliyo wazi kuliko ile, sijui ni ipi.

Turudi Mwanza. Jaji alikuwa Harold Platt, na kwa utaratibu wa siku zile alikaa na wazee wa baraza wawili, mmoja Mtanzania na mmoja Mmarekani, ambao huombwa rai zao ingawa jaji hafungwi nazo. Sheria ya ushahidi iliyotumika ilikuwa bado ni ile ya India ya mwaka 1872, tuliyorithishwa na Waingereza. Yetu wenyewe ilitungwa mwaka uliofuata, 1967. Wazee wote wawili walisema hawamwoni na hatia. Jaji naye akamwachilia. Sababu ya mume kumwua mkewe haikuonekana, na ushahidi wa majeraha, wa jiwe na wa bomba haukuondoa shaka.

Wapo wanaosema kuwa aliokolewa na siasa. Siwalaumu kwa kuwaza hivyo. Januari 1965 Serikali yetu ilikuwa imewafukuza wanabalozi wawili wa Kimarekani. Walimu wa Peace Corps walikuwa wameenea shule nyingi. Kumnyonga mmoja wao lingekuwa jambo zito kwa nchi changa, na kumwachilia bila ya kesi lingekuwa zito vile vile mbele ya wananchi. Lakini dhana hii nayo ni dalili inayozikubali hadithi mbili. Mwenye kutaka kujua kama hukumu ilikuwa ya haki, na auweke ushahidi ule ule mbele yake, abadilishe jina la mshtakiwa, amtie mkulima wa Maswa au mvuvi wa Winde, kisha ajiulize kama angethubutu kumtia kitanzi kwa jiwe lile. Mimi singethubutu. La kusikitisha ni kwamba mkulima wa Maswa hangekuwa na fedha za kumleta Bwana Georgiadis kutoka Nairobi, na swali la jiwe pengine lisingeulizwa kabisa.

Neno moja hupotezwa barazani kila kesi hii inaposimuliwa. Jaji hakusema kwamba Peppy alianguka. Alisema haikuthibitika kwamba alipigwa. Sisi tukisikia fulani ameachiliwa, tunaligeuza kuwa ama ameonekana msafi, ama amepenya; hali mahakama haikusema hili wala lile. Jamaa za binti yule walibaki na jibu lenye nusu, na kijana aliyetoka kizimbani alitoka akiwa huru, naye akiwa amebeba macho ya watu. Peace Corps waliondoka Tanzania mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Majabali ya Maswa yangali yamesimama pale pale.